Abiria wa Pili

Kaka yangu ana wivu. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani namsema kwa mafumbo. Mama husimulia kwamba siku nilipoletwa nyumbani kutoka hospitali nikiwa mchanga, kaka alinitazama kwa kitambo, kisha akauliza nitarudishwa lini. Alipoambiwa kwamba mimi sirudishwi, aliingia chini ya meza akagoma kula, mpaka baba akaja kumtoa kwa kumbeba. Shuleni alikuwa na rafiki mmoja tu, na ole wake rafiki huyo aonekane akicheka na mwingine. Alipooa, wivu wote aliokuwa amewagawia watu ukakusanyika kwa mtu mmoja.

Mtu huyo ni wifi yangu, mkunga. Ni mwanamke mcheshi, na kila akipita mtaani anasimamishwa, kwa sababu watoto wengi wa pale walipokelewa na mikono yake. Mwanamume akimshukuru barabarani kwa kumsalimishia mke, kaka husimama kando amekunja uso kama aliyekanyagwa kidole. Wakifika nyumbani anaanza: yule ni nani, mbona alicheka vile, mbona na wewe ulicheka. Zamani wifi alikuwa akimjibu kwa utani. "Yule ni mume mwenzako, hukuletewa kadi ya harusi?" Miaka ilivyokwenda, utani ukamwishia. Mwaka huu alipochaguliwa kwenda mafunzo ya wiki moja katika mji mwingine, alimwambia kaka mbele yangu, bila hata kupandisha sauti: "Nakuomba kitu kimoja. Ukiniuliza tena habari za mwanamume yeyote, nikimaliza mafunzo sirudi hapa. Nakwenda kwa mama." Kaka aliapa hatauliza. Mimi niliamini kwamba ameapa kwa moyo, na niliamini pia kwamba hataweza.

Mimi na kaka tunafanya kazi ofisi moja, kampuni inayouza tiketi za treni mtandaoni. Mimi niko huduma kwa wateja, napokea simu na matusi. Yeye yuko chumba cha mafundi, upande wa pili wa kioo, na wenzake humwita Kurunzi, kwa kuwa kosa likijificha ndani ya programu yeye ndiye hulimulika. Tovuti yetu imeandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta, juu ya kiunzi, yaani mfumo uliokwisha kuandaliwa, ili fundi ajenge vyumba vyake bila kuanza kuchimba msingi. Na kiunzi hicho kina deko. Leo hakiwaki kabisa, kumbe kuna programu nyingine imekalia mlango wake. Kesho kinawaka vizuri lakini kila ukurasa unajibu kwamba haupo, kumbe mtu ameweka faili kwenye folda siyo. Keshokutwa kinakwama kimya kimya, kwa sababu kila anayefungua njia ya kwenda kwenye hifadhidata, ghala la taarifa zetu, anaiacha wazi, mpaka njia zinakwisha.

Kaka anayajua maradhi yote hayo. Huyasoma kwenye logi, ile kumbukumbu ndefu ambayo programu hujiandikia kila inapofanya jambo. Hana subira na mafundi wanaokimbilia kuzima seva na kuiwasha upya. "Umemnyamazisha mgonjwa," huwaambia, "hujamtibu." Lakini akikuta mwenzake ametibu kabla yake, hununa mpaka saa ya kutoka. Nimekwambia ana wivu.

Shule zilipokaribia kufungwa, watu walivamia tovuti kwa pamoja, na hapo likazuka kosa ambalo hata yeye hakulielewa. Mtu anakata tiketi yake peke yake, inatoka ina jina la abiria wa pili asiyemjua kabisa. Mwingine anakata ya watu wawili, inatoka na jina moja. Haikuwa kila tiketi. Moja hapa, moja pale. Mafundi wakijaribu wenyewe, tiketi zinatoka safi kama zimefuliwa. Kaka alipekua faili za kila fundi mwenzake na hakuona kitu. Sisi wa simu alitupa maneno ya kuwaambia wateja, nami niliyarudia hadi ulimi ukayazoea: "Samahani sana, usiliamini jina unaloliona hapo, ni hitilafu ya mfumo."

Siku moja kabla ya safari ya wifi, kaka alitaka tiketi ya kuichunguza. Yeye hujisifu kwamba simu ya mkewe haigusi, na kweli haigusi. Lakini kazini ana ruhusa ya kufungua tiketi ya mtu yeyote, na katika tiketi zote zilizokuwamo humo aliichagua ya mkewe. Nilimwona kupitia kioo. Aliinama mbele, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Chini ya jina la wifi palikuwa na abiria wa pili, mwanamume, majina yake matatu yametimia.

Angekuwa mtu anayemfahamu, angemchukia tu basi. Kwa kuwa hakumfahamu, ilimbidi amuumbe. Alipofika kwenye meza yangu alikuwa ameshampa kimo, suti, kazi ya kusafiri kila mara na sauti nzito.

"Anasafiri na mtu," aliniambia.

"Nani?"

"Wifi yako. Abiria wa pili huyu hapa. Siti zimegusana."

Nilidhani anatania. Nilimtazama, nikaona macho yamemwiva. "Kaka, mimi tangu juzi nawaambia watu wasiyaamini hayo majina. Maneno ulinipa wewe mwenyewe."

"Hao ni wateja."

"Na wifi?"

"Wifi yako ni mke wangu. Si sawa."

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Alitoka mbio, nami nikamfuata nikiwa bado nimeshika kijiko, maana niliogopa atakachokisema. Njiani nilimsihi, nikamkumbusha alivyoapa, nikamwambia angoje walau hadi jioni. Ilikuwa kama nasema na ukuta.

Tulimkuta wifi sebuleni anapiga pasi sare zake, mkoba umefunguliwa juu ya kochi. Alifurahi kutuona. "Mmekuja kunisaidia kukunja, au mmekuja kula?"

Kaka hakuketi. Alilitaja lile jina, yote matatu, polepole. "Huyu bwana ni nani?"

"Bwana gani?"

"Unayesafiri naye."

"Simjui."

"Mfumo unamjua."

Wifi aliisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani. Alikunja ile sare aliyokuwa akiinyoosha, akaipanga mkobani. "Umeuliza," alisema. Hakusema kwa hasira, na ningefurahi sana kama angesema kwa hasira. "Nimekujibu kwamba simjui. Sitarudia."

"Niambie ukweli tu, mimi nitakusamehe."

Hapo nilitamani kumpiga na kile kijiko. Wifi aliingia chumbani, akafunga mlango. Jioni hiyo alikuwa na zamu hadi asubuhi, na kutoka wodini angekwenda stesheni moja kwa moja. Tulirudi ofisini bila chakula.

Basi, nikwambie kitu kuhusu kaka yangu. Makosa ya tiketi za watu wengine alikuwa ameyachunguza kama kazi. Hili la mkewe alilichunguza kama mtu anayetafuta mwizi wake. Hakutaka kumsafisha, usimwonee huruma, alitaka ushahidi. Alitaka kujua nani aliliandika lile jina, saa ngapi, kutoka kompyuta gani, ili wifi akikana tena amwekee mezani. Alizifungua logi akazisoma mstari kwa mstari, midomo ikimcheza. Mkuu wa kitengo alipopita akamsifu kwa bidii yake. Masikini, hakujua.

Nami huku simu yangu ikalia. Sauti ya bibi kizee, kali kwelikweli.

"Mwanangu, mume wangu ametoweka."

"Pole sana, mama. Ametoweka wapi?"

"Kwenye tiketi! Nimekata ya watu wawili, imekuja yangu peke yangu. Mzee nyonga mbovu, tunakwenda kwa daktari, mnataka asimame njia nzima?"

Nilimwomba jina la mumewe ili nitafute. Akalitaja. Yalikuwa yale majina matatu.

"Mama," nilisema, "nadhani nimemwona. Amewekwa kwenye tiketi ya mtu mwingine."

"Ya mwanamke?"

"Ndiyo, mama."

"Mwambie simwachii."

Nilikimbilia chumba cha mafundi na karatasi niliyoandika saa ambayo bibi yule alikata tiketi yake. Kaka aliitazama, akaitazama logi, akashika kichwa. Mistari miwili ilikuwa imefuatana pale, wifi na bibi, wote wamebonyeza kitufe cha kununua kwa wakati mmoja.

Alinieleza, nami nitalisema nilivyolielewa. Ndani ya programu kuna kipande kinachokata tiketi. Kiunzi hukitengeneza kimoja tu, na hicho kimoja huwahudumia abiria wote, kama mhudumu mmoja wa mgahawa mwenye meza nyingi. Hakuna ubaya, mradi mhudumu asitie vitu vya wateja mfukoni mwake. Sasa aliyekiandika kipande hicho alikuwa amekishonea mfuko: jina la abiria wa pili linawekwa humo kidogo, hadi tiketi itoke. Mteja akiwa mmoja hakuna shida, ndiyo maana mafundi waliojaribu mmoja mmoja hawakuona kitu. Wakibonyeza wawili kwa pamoja, jina la abiria wa pili wa huyu linatoka kwenye tiketi ya yule. Na aliyeushona mfuko huo ni kaka. Faili za wenzake alizipekua zote, yake hakuifungua.

Aliuondoa ule mfuko, akaandika upya ili kila jina lipite mkono kwa mkono bila kuwekwa popote, akamrudishia bibi mumewe. Mafundi walipiga makofi. Yeye hakuwasikia hata. Alinishika mabega, uso unang'aa. "Umeona? Hana kosa! Mke wangu hana kosa!" Alikuwa na furaha kana kwamba amemnunulia zawadi. Alimpigia wifi simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena, mpaka nikamwambia mtu yuko wodini anazalisha.

Asubuhi tulimkuta stesheni, amesimama na mkoba wake kando ya benchi la mwisho, macho mazito ya kukesha. Kaka alianza kabla hata ya salamu. Alimweleza mfuko, mhudumu, bibi, mzee mwenye nyonga, mistari miwili ya logi. Alieleza vizuri, tena alikiri kwamba kosa ni la mkono wake. Wifi alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nimesafishika," alisema.

"Kabisa!"

"Jana nilikwambia simjui."

"Ndiyo, na sasa imethibitika."

"Na kama usingelipata hilo kosa?"

"Ningelipata tu, lazima lingeonekana, maana ukiangalia muda wa—"

"Sijauliza habari za programu. Kama lisingeonekana kamwe. Ungeniamini mimi?"

Nilimkazia macho kaka, nikamwomba kimoyomoyo aseme neno moja tu, ndiyo, hata kama ni la uongo. Alitafuta jibu kwa dhati, na kwa hilo simlaumu, ndivyo alivyo. Mwishowe akasema, "Lakini nimelipata."

Wifi aliinamisha kichwa taratibu, kama anavyofanya akisikiliza mapigo ya mtoto tumboni. Alinikumbatia mimi. Kisha akampa kaka mkono tu. Akauchukua mkoba wake mwenyewe na kupanda behewani.

"Atakuwa sawa," kaka aliniambia. "Akipumzika atakuwa sawa." Kisha akaanza kutembea kando ya treni, dirisha baada ya dirisha.

"Kaka, twende."

"Naangalia tu kama amepata siti."

Alimwona kwenye dirisha la katikati. Lakini hakumtazama yeye. Alijinyoosha kwa ncha za vidole vya miguu, akachungulia kiti cha pembeni yake. Pale alikuwa ameketi mama mmoja mnene na kitoto kimelala mapajani. Kaka akashusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea, uso wote ukafunguka. Ndipo alipogeuza macho kwa mkewe, akatabasamu na kupunga mkono.

Wifi alikuwa akimtazama tangu alipoanza kuchungulia. Hakupunga mkono. Alivuta pazia, na treni ikaanza kuondoka.

"Unadhani aliniona?" kaka aliniuliza.

Nikamwambia alimwona.