Shati la Kassian

Mama mdogo Agripina ameingia Guangzhou mara ishirini na tatu na alikuwa hajauona mji. Anaijua Shahe anakonunua nguo, anaijua Xiaobei anakolala na kula kwa Wakongo, basi. Ukimwuliza China ikoje, atakutajia bei ya jezi. Mimi ninasoma hapa mwaka wa tano sasa, na nilishachoka kumsihi atembee.

Safari hii aliyemtoa chumbani ni mumewe, baba mdogo Kassian. Alhamisi ile alikuwa anapasuliwa tumbo kule Songea, saa mbili asubuhi, ambayo kwetu ni saa saba mchana. Ndege ya mama mdogo ilikuwa Jumamosi. Baba mdogo alimkataza kujifungia na kulia. Alimwambia, "Nenda ukauone huo mji, ule vyakula vyao. Nikiamka unisimulie." Basi tukatoka, na mama mdogo akawa anatazama kila kitu kwa niaba ya watu wawili.

Tulianzia jumba la kale la ukoo wa Chen, manyunyu yakianguka. Ndani kuna ukumbi ambao zamani ukoo ulipanga vibao vya majina ya marehemu wake. Sasa havipo. Mama mdogo aliniuliza marehemu wenyewe wamehamishiwa wapi, nikasema sijui. Alisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopenda. Alisema panafanana na nyumba ambayo watu wamenyamaza ghafla kwa sababu mgeni ameingia. Nilimvuta mkono tukaenda kula chapati laini za mchele zenye kamba wa baharini ndani, akala sahani mbili, moja yake na moja ya mumewe.

Saa saba ilitukuta kwenye mtaa wa maduka ya zamani. Abeli, mtoto wao wa kwanza, akanipigia kusema baba yake ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Nilijibanza ukutani nimsikie vizuri. Nilipogeuka, mama mdogo alikuwa anatoka duka moja lenye giza, boksi kubwa kwapani, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Amemnunulia mumewe zawadi. Ndani ya boksi, chini ya plastiki, kulikuwa na shati jeupe, tai nyeusi, viatu na saa. Alinipa nilinyanyue, lilikuwa jepesi mno. Bibi mwenye duka, alisema mama mdogo, alikuwa anapunga mkono tu, mei you, hakuna, hakuna.

"Mwanangu, mimi mei you naisikia miaka kumi na miwili. Laoban, mwenye duka, akikataa ndiyo bei inaanza."

Alimkomalia hadi bibi akachoka, akamwuliza kwa simu ya kutafsiri: linakwenda kwa nani, na wapi? Hilo ndilo swali ambalo watu wa kago humwuliza kila siku kabla ya kuandika jina kwenye robota. Akajibu kama alivyozoea: Kassian, Songea, Tanzania. Bibi akaandika kwa brashi kwenye karatasi ya njano, akaibandika, akampa boksi kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Mama mdogo akasema hawa wa mitaa ya zamani wana adabu kuliko wale wa Shahe.

Mawazo yangu yote yalikuwa Songea, sikuisoma ile karatasi. Mimi, ninayewasomea Watanzania wote wa hapa mabango na risiti! Sijajisamehe.

Kwenye metro mzee aliyekuwa jirani yetu alitazama boksi, akainuka. Msichana wa upande wa pili naye akainuka. Watu walisimama wamebanana na hakuna aliyekaa pale. Mama mdogo alinung'unika kwamba mpaka leo wanatuogopa weusi, nami nikakubali.

Tukaingia nyumba ya chai, ghorofa ya kwanza. Mhudumu alikuja anacheka, akaona boksi mezani, kicheko kikaisha. Aliomba tulitoe nje kabisa. Hapo ndipo nilipoisoma karatasi. Iliandikwa: Apokee marehemu Kassian, Songea, Tanzania.

Shati, viatu na saa vyote vilikuwa vya karatasi. Huku huchomwa moto ili viwafikie wafu.

Niliogopa, sifichi. Mama mdogo alikuwa anasuuza vikombe kwa chai ya moto kama alivyoona meza ya jirani wakifanya, ametulia kabisa. Sikuweza kumwambia. Nilisema boksi litamwagikiwa mchuzi, nikashuka nalo hadi uchochoroni, nikaliegemeza kwenye pipa la taka na kurudi mbio.

Nilipokaa dirishani niliona chini mzee anayefagia. Alilisoma jina. Alitazama huku na huku akimtafuta mwenyewe, akatikisa kichwa, akalitoa pale kwenye taka. Kisha akaliweka taratibu ndani ya debe la chuma na kuliwasha. Nadhani alituonea huruma. Nilisimama nimzuie, na simu ikalia.

Alikuwa Abeli, nikaweka spika. Operesheni imekwisha, baba ameamka, anaongea. Mama mdogo alilia na kumshukuru Mungu kwa sauti, wateja wakageuka, nami nilifurahi hata nikausahau moshi. Abeli akaweka simu mdomoni mwa baba yake. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ni yake.

"Agripina, shati limefika. Jepesi kweli. Umempa nani alilete?"

Mama mdogo akacheka huku anafuta machozi. Akaifunika simu kwa kiganja na kuniinamia.

"Mbona umeharibu zawadi yangu? Wewe ndiye uliyewaambia?"

Nilimjibu ndiyo, ni mimi.