Matela za Kwenda Kusoma Vitshumbi

Sijui kama mtu aliyeishia darasa la sita ana haki ya kuandika juu ya masomo. Lakini wale waliosoma kunizidi na waliokuwepo siku ile hawaandiki, wanasimulia tu, na kila mmoja akisimulia, mwenye kosa ni mwingine. Basi nitaandika mimi, polepole, nisimwonee mtu.

Sisi wazee wa Mabanga, kartie au mtaa wa Goma, tulikuwa na masomo yetu kila Alhamisi kwenye sale, ukumbi wa parokia. Yalianzishwa na mwalimu mmoja mstaafu. Alikuwa amechoka kukaa nyumbani, na mke wake alikuwa amechoka zaidi kumwona amekaa, ndipo wakatukumbuka sisi. Hakukuwa na mtihani. Kila mtu alifundisha desturi ya kwao. Mama mmoja wa Rutshuru alitufundisha majina ya ng'ombe kufuatana na rangi zao, nasi tukarudia kwa sauti kama watoto. Papa mmoja wa Butembo, mchuuzi wa maharage ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, alifundisha namna kwao wanavyomsalimia baba mkwe. Somo hilo lilikula Alhamisi mbili, kwa sababu mle ndani walikuwemo baba wakwe wengine na hawakukubaliana. Mimi nilifundisha kushona kifungo. Wakaniambia hiyo si desturi. Pengine walikuwa na haki. Lakini Alhamisi iliyofuata niliona shati la Papa wa Butembo limefungwa mpaka shingoni.

Siku moja ikawa zamu ya Mama wa Vitshumbi. Tulimwita hivyo kwa sababu alizaliwa kule, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Edward, akaolewa Goma. Alifundisha juu ya kiboko. Alisema kwao kiboko anapita kati ya nyumba jioni kama jirani, na mtu anampisha.

"Mama, hiyo ni hadisi," akasema Papa wa Butembo.

"Papa, mimi nimempisha kiboko mara nyingi kuliko nilivyokupisha wewe."

"Basi twende tuone!"

Safari ikazaliwa hapo. Sisi wengine tulitaka kuona kiboko. Mama wa Vitshumbi alitaka kuonwa. Yaya yake, dada mkubwa aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa bado anaishi Vitshumbi, na macho yake yalikuwa yanazima. Alituma neno kwa wamama wanaoleta samaki sokoni: "Mwambieni aje ningali naona. Sitaki kumtambua kwa vidole kama mtu anayechagua avoka sokoni." Na barabara yetu ya Rutshuru, ndiyo ya kwenda Vitshumbi, vita ilikuwa inaifunga na kuifungua kama mlango wa choo cha shule. Mwaka ule ilikuwa wazi. Lakini habari za waasi upande wa Bunagana zilikuwa zimeanza tena, na kila mtu alijua mlango haukai wazi muda mrefu. Mama wa Vitshumbi hakusema mengi. Kila Alhamisi aliuliza tu: "Tunaenda lini?"

Mwalimu akatangaza siku. Tutapanda kamio, yaani lori, tutalala kule katika darasa la shule, kila mtu alete shuka yake.

"Shuka juu ya nini?" akauliza Papa wa Butembo. "Juu ya simenti?"

Pale sale yote ikakumbuka volkano. Lazima nieleze. Siku ile lava iliposhuka mpaka katikati ya mji, tulikimbia kila mtu na alichoshika. Jirani yangu alishika televizyo. Mimi nilishika sufuria ya maharage yaliyokuwa bado motoni, mfuniko nikausahau. Waliolala vizuri kando ya barabara siku zile ni wale tu waliobeba matela, yaani godoro. Tangu pale, katika Goma, hakuna anayeuliza tena abebe nini. Volkano ikitoka, matela. Waasi wakija, matela. Mikono yetu imezoea, haingoji kichwa.

Tukapiga kura, matela zikashinda. Kwa haki niseme kwamba Mwalimu alipinga. Lakini alipinga kwa sauti ndogo, kwa sababu mgongo wake pia ulikuwa pale unasikiliza.

Na katika sisi sote, watu wenye mvi, wenye wajukuu, hakuna hata mmoja aliyefikiri namna tutakavyoonekana.

Kamio ilitungojea kwenye barabara kubwa, maana njia za Mabanga ni mawe ya lava matupu. Tukatoka parokiani asubuhi, watu ndiyo kwanza wanaamka. Mbele alikuwa Papa wa Butembo anasukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, amepanga juu yake matela na kuzifunga kamba, zimepanda juu kama nyumba. Nyuma yake sisi wengine, ambao hatukuamini kamba zake, kila mtu na matela yake kichwani na sufuria mkononi. Mwalimu alituomba tupite kimya kabisa, tusisumbue watu waliolala. Alikuwa na nia nzuri. Lakini sasa, nikifikiri, afadhali tungeimba.

Mama mmoja alikuwa anafagia mbele ya mlango wake. Akatutazama sisi. Akatazama matela. Akageuka kutazama mlima.

"Bazee, kuko nini?"

"Hakuna kitu, mama," nikamjibu. "Tunaenda kusoma."

Nilisema ukweli mtupu. Lakini nimejiweka mara nyingi mahali pake: bibi wa umri wangu, matela kichwani, asubuhi ile, anasema anaenda kusoma. Ufagio ukamwanguka.

"We papa, amuka!" akamwita mume wake. "Bazee banakimbia, na banakatala kusema ju ya nini!"

Nyuma yetu nikasikia milango inafunguka mmoja baada ya mwingine. Sikugeuka. Mwenye matela kichwani hageuki ovyo, ataangusha watu. Nilisikia tu wanavyobishana.

"Njo volkano!"

"Volkano gani? Volkano iko kule kwenye banaenda! Mutu anakimbilia moto?"

"Basi ni waasi."

"Waasi nao wanatokea kulekule!"

"Ah! Basi bazee banajua kitu chenye siye hatujue. Beba matela!"

Miaka yote ile nimewapa watu wa Mabanga mashauri juu ya ndoa, juu ya mitaro, juu ya mbwa wao, na hakuna aliyenisikia. Siku ile hatukumshauri mtu, na kartie nzima ikatufuata.

Sisi tulifika kwenye kamio bila kujua. Tukapanda, yaani tukapandishana, kazi ambayo sitaieleza kwa heshima ya mabibi. Mama wa Vitshumbi alikuwa wa kwanza juu. Akatandika matela yake nyuma ya kabini, akakaa, akapanga kanga yake vizuri juu ya magoti. Tukawa tunamvuta Papa wa Butembo kwa mikono tuliposikia kishindo. Watu walikuwa wanakuja barabarani, wana matela, wana vitanda, wana mbuzi, kuku wanapiga kelele.

"Batu banakimbia!" akasema Papa wa Butembo, bado ananing'inia.

Mwalimu akamwita mwanaume mmoja mwenye mbuzi mabegani. "Papa, munakimbia nini?"

"Hamujasikia? Hata bazee ya parokia yote imekimbia!"

"Bazee wamekimbia?"

"Wamepita sasa hivi, na chukudu ya matela. Kimya, hata kusalimia hapana!"

Ndiyo, hapo tungeweza kuelewa. Lakini watu wa haki watatuelewa nasi: mtu aliyekimbia mara nyingi katika maisha yake hangoji kuuliza swali la pili. Habari ya wazee wa parokia kukimbia ilitutisha sana. Tuliwaheshimu. Tulijua si watu wa kukimbia bure. Tukashuka kwenye kamio upesi kuliko tulivyopanda, matela kichwani, chukudu nayo inasukumwa, tukaingia katikati ya watu na kukimbia kuelekea upande wa Sake. Shofere alikimbia pia, ufunguo wa kamio mfukoni mwake. Mwalimu alikuwa mbele anapiga kelele "Mistari! Mistari!" kama zamani, na ninavyokumbuka, watu wengine walijipanga.

Mimi nilikuwa wa mwisho kushuka, kwa sababu nilimshika mkono Mama wa Vitshumbi.

"Mama, tushuke!"

"Sishuke."

"Vita inakuja!"

"Ije. Itanikuta nimekaa. Nikishuka leo, ile barabara itafungwa, na yaya yangu atanichagua kama avoka."

Nikamwacha. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tulikimbia mpaka pumzi ikaisha. Tukalaza matela zetu kando ya njia tukakaa. Hakuna risasi iliyolia. Mlima ulikuwa mahali pake, na moshi wake mdogo wa kila siku. Askari mmoja akatusogelea, akatuuliza kwa upole kabisa tunakimbia nini.

"Bazee ya parokia ya Mabanga wamekimbia," akamweleza Papa wa Butembo.

"Bazee gani?"

Mwalimu akafungua mdomo kumjibu. Halafu akaufunga. Nikamwona anamtazama Papa wa Butembo, anaitazama chukudu, ananitazama mimi na sufuria yangu.

"Jamani," akasema. "Wale wazee ni sisi."

Hakuna aliyecheka. Kucheka kulikuja siku zingine. Askari aliondoka anashika tumbo, lakini yeye hakuwa mwenzetu.

Kurudi ndiko kulikuwa kugumu. Tulipita katikati ya watu waliokuwa wanarudisha vitanda vyao.

"Bazee ya uongo!"

"Tuliwaambia tunaenda kusoma!" nikajitetea.

"Musome basi! Musome kukaa nyumbani!"

Papa wa Butembo akasema kosa ni la Mwalimu aliyetunyamazisha. Mwalimu akasema kosa ni la chukudu. Mimi nimelipima jambo hili miaka mingi na naona yule mama wa ufagio naye angepaswa kuuliza mara ya pili. Lakini hata mimi ningeuliza? Sijui. Baadhi yetu waliishia nyumbani, kwa aibu au kwa kuogopa wezi. Tuliorudi kwenye kamio tulimkuta Mama wa Vitshumbi palepale juu ya matela yake, anakula karanga.

"Mumemaliza?" akauliza.

Shofere alifika baadaye, jasho tupu, amekasirika. Akasema siku imeharibika, anarudisha kamio nyumbani, tutaona wiki ijayo.

"Wiki ijayo hapana," akasema Mama wa Vitshumbi kutoka juu. "Papa shofere, upeleke kamio fasi yenye unataka. Mimi sishuke. Utaingia nayo kwako na bibi huyu juu, na utamweleza mama ya batoto."

Shofere akamtazama. Akatutazama sisi, labda tumsaidie. Papa wa Butembo alikuwa tayari anapandisha matela yake. Shofere akawasha kamio.

Njia nzima vumbi lilitukalia mpaka tukafanana wote. Kwenye vizuizi askari waliona matela, wakauliza tunakimbia nini, na Mwalimu akajibu kwa sauti ya darasani: "Ni safari ya masomo!" Walituruhusu haraka. Nafikiri walituonea huruma.

Tukaingia Vitshumbi jua likiwa bado na nguvu. Harufu ya samaki ilitupokea kwanza, halafu wale ndege wakubwa wenye vipara, wamesimama juu ya mabati kama mabaraza ya wazee. Watu wakatoka nje kutazama kamio. Kelele zikapungua. Mtu mmoja akasema polepole:

"Ni batu ya Goma. Na matela yao."

"Goma imeanguka?"

"Hapana!" Mwalimu akasimama juu ya kamio, mikono hewani. "Hapana! Tunakuja kusoma!"

Nilitaka kumwambia kwamba maneno yale hayasaidii. Tayari mama mmoja alikuwa anakusanya sufuria zake, na mwingine anaanua nguo ambazo hazijakauka. Kutoka kwenye nyumba ya mbao akatokea bibi mrefu, amefunga matela kichwani kwa kanga, anapapasa ukuta kwa mkono mmoja. Akagonga nguzo, akaiomba msamaha, akaendelea.

Mama wa Vitshumbi akashuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Yaya, tua matela. Hakuna vita."

"Ni nani?"

"Ni mimi."

Yule bibi hakutua matela. Alikuja karibu, akaja karibu tena, mpaka pua zao zikakaribia kugusana. Akatazama shavu hili. Akamgeuza kwa kidevu, akatazama lile.

"Umezeeka," akasema.

"Sana?"

"Vibaya. Na jino la mbele uliweka wapi?"

Mama wa Vitshumbi akacheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. "Ameona jino!" akatupigia kelele. "Munasikia? Ameona hata jino lenye haliko!" Na machozi yanamtoka, na yaya amesimama juu yake na matela kichwani, anauliza sasa kitu gani kinachekesha.

Tulikula samaki. Baada ya chakula, jioni, tulikuwa tumekaa mbele ya nyumba ya yaya, Papa wa Butembo amejilaza juu ya matela yake kidogo mbali nasi, anaeleza kwamba mpaka sasa hajaona kiboko. Ndipo kitu kizito kikapita kati ya nyumba, kinapumua, hakimtazami mtu. Sisi tukapisha, kama tulivyofundishwa. Kikafuatiwa na vishindo vingine vya haraka haraka vikielekea shuleni.

Yaya akageuza sikio. "Nini ile inakimbia?"

"Ni kiboko, yaya," akajibu mdogo wake.

"Kiboko najua miguu yake. Mimi nauliza ile ingine."

"Ile ingine ni Papa wa Butembo."

"Na anabeba nini?"

"Matela, yaya."

Papa wa Butembo anasema hakukimbia, alikuwa anapisha. Naandika vile alivyosema.