Weka Nne Tumalize

Ukitaka kutembea Kiamunyi bila sababu, beba mtungi. Hilo nilijifunza mimba yangu ikiwa ya miezi mitano, baada ya wiki nzima ya kusimamishwa na kila mwenye bodaboda kati ya geti letu na duka la mwisho.

"Mathe, twende?"

"Hapana, natembea tu."

"Na hiyo tumbo? Kuja nikubebe."

Wa kwanza nilimjibu vizuri. Wa nne nilimjibu vibaya, naye hakuwa amenikosea lolote. Kesho yake nikachukua mtungi mtupu wa lita tano, na hakuna aliyeniuliza tena. Mwenye mtungi ana kazi, na mwenye kazi hasumbuliwi.

Kutembea kulikuwa agizo la muuguzi wa kliniki. Nilikuwa nimemwambia kwamba naamka nimechoka, kwamba nalia nikikunja nguo, na kwamba mtoto akicheza tumboni siisikii ile furaha ambayo kila mtu ananiuliza kama naisikia. Nilidhani atanipa tembe niende zangu. Aliniuliza maswali mengi kuliko niliyotaka, kisha akasema dawa zipo na si dhambi kuzimeza, ila kwa hali yangu ya wakati huo tungeweza kuanza bila. Nitembee nusu saa kila asubuhi. Nilale saa za kulala. Na kila jioni nimpe mtu mmoja nambari na kuiandika nyuma ya kitabu cha kliniki: kumi ni siku njema kabisa, moja ni siku ambayo hata kuamka siwezi. Ikishuka chini ya tatu, nirudi mara moja, nisingojee tarehe.

"Na usinidanganye," alisema. "Mficha uchi hazai."

Nilitazama tumbo langu, nikaona methali hiyo imechelewa.

Mtu wa kupewa nambari akawa mume wangu. Ni dereva wa lori, siku nyingi yuko njiani kwenda mpakani au kurudi, lakini saa kumi na mbili jioni hakukosa kupiga simu. Shida ilikuwa nyingine. Mume wangu alilelewa chini ya meza ya mamake sokoni, na kwake bei ya kwanza ni salamu tu.

"Leo ni ngapi?"

"Tatu."

"Tatu? Si ulitembea?"

"Nilitembea."

"Na ukakula?"

"Nikakula."

"Sasa tatu ni ya nini? Weka tano."

"Ni tatu."

"Haya, tusiumizane. Weka nne tumalize."

Na tukamaliza. Alikata simu ameridhika, kama mtu aliyepata kabeji kubwa kwa bei ya ndogo. Nami nikaandika nne, kwa sababu kubishana kunataka nguvu, na mtu aliye kwenye tatu hana nguvu hizo. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Ukurasa ukajaa: nne, nne, tano, nne. Ungeusoma ungedhani ni wa mwanamke anayeendelea vizuri. Niliutazama nikakasirika, halafu nikakasirika zaidi kwa kuwa mwandiko ulikuwa wangu.

Mama mkwe naye akaja kutoka Molo na gunia la bitiruti. Hakuwa hata ameketi.

"Hiyo ni damu," alisema. "Damu ikipungua, mtu analia ovyo."

Kila asubuhi akasaga bitiruti kwenye blenda, akasimama mbele yangu mpaka glasi ibaki tupu. Mgonjwa haulizwi uji, na mimi sikuulizwa. Meno yakawa mekundu, vitambaa vya meza vikawa vyekundu. Kliniki wakapima damu, wakasema iko sawa kabisa. Nilimletea karatasi kwa furaha mbaya, ile ya kumshinda mtu. Aliisoma mara mbili akiwa ameishika mbali na macho.

"Mashine yao ni ya zamani," alisema, na glasi zikawa mbili.

"Sisi tulibeba mimba tukilima," aliniambia siku moja nikiwa nimekaa na soksi mkononi, nimeshindwa kuivaa. "Hatukuwa na wakati wa kufikiria."

"Ndio, mum," nilisema. Moyoni nilisema mengine, na hayaandikiki.

Sikumchukia. Nilichoka naye tu, kama nilivyochoka na kila mtu aliyekuwa na jibu kabla sijamaliza kusema. Nami nilihitaji kitu kimoja: niseme nilivyo, na nilichosema kibaki vile nilivyokisema.

Mwezi wa saba wa mimba, mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Njia ikawa matope matupu, mtungi ukabaki mlangoni. Siku ya kwanza na ya pili nilisema tatu, mume wangu akaifanya nne. Siku ya tatu sikuamka. Mama mkwe aliweka glasi kando ya kitanda, akarudi saa sita akaikuta imejaa. Aliiondoa na hakusaga nyingine, na hilo lilinitisha kuliko maneno yake yote.

Saa kumi na mbili simu ikalia.

"Leo ni ngapi?"

"Moja."

Nikangoja. Hasira nilikuwa nimeshaiandaa: akitaja mbili tu, nakata simu, na sitampa nambari tena, yeye wala mwingine yeyote. Nyuma yake nilisikia malori yakinguruma na mtu akiagiza chapati.

"Sawa," alisema, akakata yeye.

Nililia. Niliamini amechoka nami, na sikumlaumu.

Baada ya kama saa moja nilisikia sauti yake jikoni. Alikuwa ameegesha lori Salgaa, kwenye kituo cha malori, akampigia tajiri wake kwamba mzigo utachelewa, kisha akapanda bodaboda kwenye mvua ile mpaka nyumbani. Aliingia chumbani ameloa mpaka kwenye mfupa, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Sikujua mtu anajibu nini kwa moja," alisema.

Nilimwambia hata mimi sijui, na atoe hizo soksi kwenye blanketi langu.

Asubuhi tulienda kliniki watatu, mama mkwe na chupa ya bitiruti ndani ya mkoba. Muuguzi alifunua ukurasa wa nyuma, akapitisha kidole kwenye mstari. Nne, nne, tano, nne.

"Naona umejikaza," alisema. "Na leo?"

Mlango ulikuwa wazi nusu, foleni ya wanawake nje ikitusikia. Goti la mama mkwe lilikuwa limegusa langu. Niliona aibu, aibu ya kuja pale na tumbo kubwa na damu nzuri na mume mzima, halafu niseme siwezi.

"Nne," nilisema.

Mume wangu aliinua kichwa.

"Sista, ni moja. Alisema moja jana," alisema. "Na hizo zingine ni mimi nilikuwa napandisha. Toa moja kila mahali."

Muuguzi alisimama akafunga mlango, akarudi na kalamu, na akaanza kukata nne ya kwanza.