Nimeenda kumchukua mwanangu, nimerudi na baba yangu

Jamani, hata sijui nianzie wapi.

Shule zinafunguliwa Jumatatu, nikaenda Kariakoo kwa wazazi wangu kumchukua Idi, mwanangu wa miaka mitano. Likizo yote alikuwa kwao. Nimemmisi mpaka nanusa mto wake.

Namkuta jikoni na mama, wanakaanga samaki.

"Idi, vaa viatu twende."

Akaniangalia kama mgeni. "Siwezi. Nina mke hapa."

Mama anamwita "mume wangu" tangu azaliwe, si mnajua utani wa bibi na mjukuu? Kumbe mwenzetu kaona ni ndoa kweli!

Mama akacheka mpaka akashika ukuta.

Baba akapaza sauti kutoka sebuleni: "Mchukue huyo mume mwenzangu, ananimalizia samaki!"

Idi wala hakucheka. "Basi babu, nenda wewe na mama. Mimi nabaki na mke wangu."

Baba huyoo, akachukua kofia. "Sawa, nimeshafukuzwa."

Nikajua utani. Tumefika mpaka kwangu Mchikichini!

Sasa baba kakaa kwenye kitanda cha Idi. Mara ananiambia, "Mpigie mama yako, muulize kama amekula."

Napiga, anapokea Idi. "Mama, mrudishe babu. Mke wangu hataki kula."

Mimi hata hajaniulizia.

Kesho nampeleka baba. Ila wenye watoto niambieni, huyu mume wa mtu nitamtoaje pale bila kumliza, na bila kulia mimi?