Asha Alitaka Kumwona Mwanawe

Mwanangu, ipo siku ambayo sijaisahau mpaka leo. Ni siku tuliyoanua tanga la mtoto wa Asha.

Asha alikuwa jirani yangu wa biashara pale Kariakoo. Yeye akiuza masufuria, mimi vitenge. Tulikuwa wabichi bado, tuna nguvu na midomo mirefu. Homa ikamchukua Karimu, mwanawe wa pekee. Watu walijaa, tukapika, tukalia. Tanga lilipoanuliwa kila mtu akarudi dukani kwake, maana wateja wa Kariakoo hawamngoji mtu. Na mimi nikarudi.

Asha akabaki peke yake kwenye chumba chake cha kupanga, Buguruni. Huko mtu akamweleza habari za mnanaha, ule mmea wa majalalani wenye maua meupe marefu, kwamba ukiunywa unawaona waliokufa. Akanywa. Nilimkuta midomo imemkauka, mboni zimemtanuka, anamlisha uji mtoto asiyekuwepo. Alikuwa anacheka, mwanangu. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo. Ulevi ulipomtoka alilia upya, kana kwamba Karimu amekufa asubuhi ileile.

Majirani wakaanza kumsema. Mama yangu mzazi akawageukia kwa ukali.

"Mmekazana kuuliza kanywa nini. Nani kati yenu kamuuliza anamtafuta nani?"

Walitawanyika, nami nikarudi dukani kwangu. Wiki haikuisha, Asha akanywa tena, na safari hiyo hakuamka.

Leo nasikia ninyi vijana mnajifungia kwenye magorofa ya Upanga, mnakula uyoga na vidonge vya kuwaonyesha mambo. Wengine ni starehe tu, lakini wengi, najua, kuna kitu kinawauma na hamna pa kukisemea. Siwacheki. Ningependa kukwambia huzuni huisha, ila sitakudanganya, maana yangu haijaisha na sidhani kama itaisha.

Ninachokusihi ni hiki: usinywe kitu ili umwone aliyeondoka, kwa sababu kikikutoka utamzika mara ya pili. Na mwenzako akifiwa, kaa naye baada ya watu kuondoka. Funga duka, litafunguliwa siku nyingine.

Mungu akujalie mtu wa kukaa nawe siku yako itakapokuwa nzito, na akupe moyo wa kumfungulia mlango. Amina.