Mume Wangu Alikamatwa Akiwa Ndani ya Kaburi la Mzaramo

Siku polisi walipomkamata mume wangu, alikuwa amekaa ndani ya kaburi la mtu mwingine.

Kichwani kavaa kofia ya marehemu. Mkononi kashika mfuniko wa sufuria, anauzungusha kama usukani.

Na alikuwa anacheka.

Naitwa Josepha. Shule nilisoma kwa masista mpaka darasa la nne, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika polepole. Ila jambo hili nililiona kwa macho yangu, na niliyoyaona siyasahau.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mwaka ule Malkia mpya alipotawazwa huko kwao. Mimi na mume wangu Damas tulikuwa tumefunga ndoa kanisani karibuni tu, tunaishi Tabora, hata vyombo vya ndani havijatimia.

Akaja mama mmoja wa Kizungu kutoka Uingereza. Hakuwa bibi wa serikali wala wa misheni. Alikuja kutembea tu, kuangalia nchi. Alitaka kuifuata njia ya zamani ya misafara kutoka pwani mpaka Ujiji, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu.

Shingoni alining'iniza darubini mchana kutwa, hata akila. Watu wakamwita Mama Darubini. Sisi tuliokuwa naye tulimwita Memsabu.

Gari lake lilikuwa la kijani, lina turubai nyuma. Dereva alimpata Dar es Salaam, Mzaramo mmoja mnene, mcheshi, kanzu yake safi muda wote na kofia ya viua, ile ya kudariziwa. Jina lake Abbasi.

Walipofika Tabora Memsabu alitafuta mtu anayeijua njia ya magharibi na anayesema Kinyamwezi, na mtu wa kupika. Akampata Damas, akanipata na mimi.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo kisa kilipoanzia.

Damas alipomwona Abbasi mara ya kwanza, hakumpa hata mkono. Alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu, kisha akamuuliza nazi zote hizo tumboni amezilipia ushuru kweli.

Abbasi hakukasirika. Alishuka garini taratibu, akasema, "Babu yako alibeba mizigo kwa miguu mpaka kwetu. Wewe leo unabebwa na gari, na bado unanuka jasho."

Wakakumbatiana.

Vijana wa leo huenda hamjui vizuri. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu njia hiyo ya misafara. Babu zetu walifika kwao wamechoka, wengine wagonjwa, wengine wakafia huko huko. Waliowapokea na kuwazika ndio hao Wazaramo. Kwa hiyo mtani wako anakutukana apendavyo, anachukua kitu chako, na huna ruhusa ya kununa. Ila ukifa, ndiye wa kwanza kushika jembe.

Tukaondoka Tabora. Kwanza Memsabu alitaka kuona Kwihara, nje kidogo ya mji, na nyumba za udongo za enzi za misafara. Akapiga picha miembe, akanipiga picha mimi, akapiga picha mbuzi. Halafu tukashika njia ya Usoke.

Barabara ilikuwa mchanga mtupu. Ukitoka mchanga unaingia mbuga, udongo mweusi uliopasuka, gari linarukaruka mpaka meno yanagongana. Tukafika kwenye kizuizi cha mbung'o, wale nzi wa malale. Gari likaingizwa kwenye banda, jamaa mmoja akapita na wavu kuwatafuta wadudu huku na huku, mpaka chini ya kiti cha Memsabu. Memsabu akafurahi kweli, akampiga picha na yeye.

Na humo garini utani haukupoa.

Damas alimwambia Abbasi, "Mwaka huu nakuzika mimi. Na kofia hiyo naichukua."

Abbasi akajibu kwamba kofia ya mstaarabu haiwezi kukaa kwenye kichwa cha mbeba mizigo.

Memsabu alikuwa nyuma na mimi, anasikiliza. Kiswahili alikisoma vitabuni kabla ya kuja. Maneno aliyajua. Watu hakuwa anawajua.

Kuna kitu kingine nilikiona, na nadhani Damas pia alikiona. Abbasi alikuwa anasimamisha gari mara kwa mara. Anasema injini imechemka, inataka kupumzika. Anafungua boneti, anainamia pale, mkono mmoja kifuani. Nami nilishangaa, maana maji hata hayakuwa yanatoa moshi.

Karibu na Usoke tukasimama kula. Memsabu alikula vyakula vyake vya kopo. Kwa sisi wengine nilipika ugali na mlenda wa karanga. Damas akamsogezea Abbasi bakuli, akasema, "Kula, Mzaramo. Hiki ndicho chakula chako cha mwisho."

Abbasi alicheka mpaka akapaliwa.

Tukapanda gari. Hatukwenda mbali. Nikaona gari linapunguza mwendo, linasogea pembeni vizuri kabisa, kama mtu anayetaka kuteremsha mgeni. Abbasi akavuta breki ya mkono. Akazima injini.

Kisha akalalia usukani.

Damas alimtikisa akidhani ni mzaha. "Amka, mvivu wewe. Amka bwana."

Hakuamka.

Memsabu ndiye aliyetuendesha mpaka Usoke, Abbasi kalazwa nyuma mimi nimempakata kichwa. Pale stesheni kulikuwa na Waislamu wachache wenye maduka. Wakampokea kama ndugu, wakamwosha, wakamvika sanda. Mganga wa serikali alikuwa mbali safarini, na kwao maiti hailazwi mpaka kesho.

Memsabu akasema anakwenda Urambo kutoa taarifa. Akaondoka na gari peke yake.

Damas alichimba kaburi toka mwanzo mpaka mwisho. Hakumwachia mtu jembe. Machozi yalikuwa yanamtoka, anayafuta kwa kiwiko, anaendelea.

Kaburi lilipokamilika akaingia ndani, akakaa.

Alivaa ile kofia. Akaomba mfuniko wa sufuria yangu. Akaanza kuendesha: anakunja kona, anapiga honi kwa mdomo, pii pii, anainama kama injini imechemka, mkono kifuani, vilevile kama Abbasi. Akatangaza kwamba gari hili haliondoki na Mzaramo hashuki mpaka yeye apewe kuku.

Watu wakacheka huku wanalia. Mazishi ya mtu mwenye mtani ndivyo yalivyo. Mtu akizikwa kimya, ujue alikuwa hana mtu.

Hapo ndipo gari la kijani liliporudi. Ndani wamo Memsabu, Mzungu wa polisi na askari wawili.

Memsabu alimwona Damas mle kaburini, na kofia ya marehemu kichwani, anacheka. Alishika mdomo.

Wakamtoa kwa kumvuta mikono. Mfuniko wangu ukabaki shimoni.

Nilimwambia askari mmoja, Msukuma, kwamba hawa ni watani. Akanijibu kwa sauti ya chini, hanitazami usoni, "Najua, dada. Lakini mimi nimetumwa."

Mzungu wa polisi akasema maiti izikwe, ikibidi itafukuliwa. Abbasi alizikwa kimya.

Damas akapelekwa mahabusu Tabora. Tuhuma ilikuwa sumu. Memsabu alieleza yote aliyoyasikia, na wala hakuongopa hata neno moja. Damas alisema atamzika. Alisema kofia ataichukua. Alisema chakula cha mwisho. Na chakula chenyewe, mpishi ni mke wake.

Kila nikisikia buti nje ya nyumba nilidhani wamenifuata na mimi.

Hakimu Mzungu alimuuliza Damas, karani anatafsiri. Ulisema utamzika? Nilisema. Ulisema ni chakula chake cha mwisho? Nilisema. Ulicheka kaburini? Nilicheka.

Angeweza kukana. Nilimbembeleza kwenye nondo za mahabusu akane. Akaniambia, "Nikikana, nitakuwa nimemkana Abbasi mwenyewe."

Hakimu akasema kabla ya kufukua maiti ataisikia kwanza familia ya marehemu. Ikapigwa telegramu pwani. Ndugu wakija wakasema mtu wao alikuwa mzima, kaburi linafukuliwa, na Damas anapelekwa kwenye kesi ya kunyongwa.

Akaja dada yake mkubwa, Mwanajuma, kwa treni. Nilikwenda stesheni kumpokea, kanga imenilowa jasho. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, basi. Njia nzima mpaka mahakamani hakuniuliza kitu.

Nikajua tumekwisha.

Mahakamani hakimu alimuuliza kama anamfahamu mshitakiwa. Akasema hajapata kumwona. Akaulizwa kama ana neno juu yake.

Mwanajuma akainuka. Akaenda mpaka pale Damas aliposimama na pingu zake. Akamtazama kuanzia kichwa mpaka miguu, kama vile Damas alivyomtazama kaka yake siku ile ya kwanza.

"Ndiye huyu?" akasema. "Kima huyu, ana masikio kama mipini ya jembe, ndiye aliyemzika ndugu yangu?"

Karani alimtazama hakimu. Hakujua kama atafsiri.

Damas aliinua kichwa. Tangu akamatwe sikuwahi kumwona akiinua kichwa namna ile.

"Ndiye mimi," akasema. "Na wewe sura hiyo umeiokota wapi? Relini huko Tura, njiani unakuja?"

Mwanajuma akacheka. Alicheka mpaka akashika meza ya hakimu, na machozi yakamshuka. Damas naye akalia. Hakimu akagonga meza, nani anamsikiliza.

Ndipo Mwanajuma akageuka akaeleza. Kaka yake moyo ulikuwa mbovu muda mrefu. Daktari wa pwani alishamkataza kuendesha gari. Yeye mwenyewe alimlilia asiende safari ya mbali, atafia ugenini kwa watu wasiomjua.

"Akaniambia, dada, nikifia Unyamwezi usihangaike. Kule nina watani."

Hakimu akaweka kalamu chini.

"Nyie mnauliza kosa," akaendelea. "Kosa ni kumtoa huyu kaburini hajamaliza. Na hiyo kofia mliyoweka mezani ni yake. Mrudishieni."

Damas akaachiwa siku ileile.

Nje Memsabu alinifuata. Macho mekundu, darubini hana. Akaniuliza kwa nini sikumwambia kule garini.

Nikamjibu, "Hukuniuliza, Memsabu. Uliuliza majina ya miti."

Alitupeleka Usoke pamoja na Mwanajuma, anaendesha mwenyewe, polepole. Damas akapiga honi juu ya kaburi, akapewa kuku wake. Memsabu alisimama pembeni. Mwishoni akasogea, akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Abbasi, wewe ni dereva mbaya sana."

Ujiji hakwenda tena.

Ila Damas hakurudi mzima. Tangu mahabusu, akitaka kumtania mtu alitazama kwanza nyuma kuona nani anasikiliza. Hilo hakuna hakimu aliyemrudishia.

Alipofariki, nchi ilikwishakuwa yetu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, naona msiba umepoa, watu wanaongea kwa adabu. Mara nikasikia kelele kaburini.

Mwanajuma, mzee, mgongo umepinda, alikuwa ameteremka shimoni. Kavaa ile kofia ya kaka yake. Kaomba mfuniko wa sufuria.

"Pii pii," akasema. "Mbeba mizigo huyu hatoki hapa mpaka nipewe kuku."

Nililia hapo kwa mara ya kwanza tangu Damas afumbe macho.

Wajukuu zangu, siku hizi mnatembea sana nchi za watu, mnapiga picha kila kitu. Pigeni. Lakini mkiwakuta watu wanacheka mahali ambapo kwenu mngelia, ulizeni kwanza. Anayemtukana marehemu huenda ndiye aliyemchimbia kaburi.

Kofia ninayo, ipo kwenye msumari mlangoni. Inamngoja Mzaramo atakayekuja kunitukana mimi.