Nyumba Niliyoijenga Kabla ya Mvua

Ilikuwa saa tisa na robo alasiri, Desemba mwaka 2017, nilipofungua chikwanga niliyoinunua kwa Mkongo mwenzangu hapa mtaani Turffontein, kusini kabisa mwa Afrika. Mawingu ya radi yalikuwa yamejikusanya juu ya mji. Majani yaliyofunga ule mkate wa muhogo yalitoa harufu ya ubichi na moshi, nikaacha kula. Majani hayo tunayaita mongongo. Sisi Wambuti wa msitu wa Ituri hatukuyafungia chakula tu; tuliyafanya nyumba.

Nilikuwa msichana wa miaka kama tisa. Kambi yetu ilikuwa imehama asubuhi kufuata wanyama, na wanaume walikuwa wamekwenda kutega nyavu. Kwetu kujenga ni kazi ya wanawake, kila mmoja na nyumba yake. Lakini mama alikuwa amejifungua siku chache tu kabla, na baada ya mwendo ule hakuweza tena kusimama. Alikaa akimkumbatia mdogo wangu, macho yakiwa kwenye anga lililozidi kuwa jeusi kati ya matawi. Mtoto akilowa usiku kucha angeweza kufa. Hilo nililijua bila kuambiwa.

Nikakata fito, nikazisimika kwa duara, nikazikunja na kuzisuka mpaka zikawa kama kikapu kilichofunikwa. Kisha nikaanza kutundika majani kutoka juu, kwa sababu mvua hutoka juu. Niwaambie ukweli, nilijiona nina akili sana.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa amemaliza nyumba yake na kukaa mlangoni akivuta kiko. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mama weee, njooni muone! Nyumba ya huyu iko na kofia, haina nguo!"

"Mwache, dada," jirani akamjibu. "Labda inakwenda kuoga."

Machozi ya hasira yalinitoka, lakini niliitazama nyumba ya Shangazi. Kila jani la juu lilikuwa limelalia la chini. Yangu yangelala kinyume, na maji yangeingia ndani. Nikayang'oa yote. Nikaanza upya karibu na ardhi, nikipasua kila kikonyo na kukining'iniza kwenye ufito, safu juu ya safu. Hakuna aliyekuja kunisaidia, na hakuna aliyeniambia niache. Radi ya kwanza ilinikuta kileleni.

Mama aliingia kwa magoti, mvua ikashuka. Nilipapasa sakafu kwa viganja: pakavu. Nikapapasa tena: pakavu! Mtoto alinyonya, akalala, nami nikakaa mlangoni nimenyoosha shingo, nikiitazama mvua kama mtu niliyemshinda mieleka.

Mara Shangazi akaingia akitiririka maji, kiko kimezimika mdomoni.

"Sogea, mwenye nyumba. Kwangu kumekuwa kubaya."

Nilimpisha kwa dharau kidogo. Mcheka wenzake, kumbe yake inavuja! Alikoroma humo mpaka asubuhi.

Kulipokucha nilikwenda kuichungulia aibu yake. Nyumba yake ilikuwa kavu kila upande. Hata majivu ya moto wake yaliruka nilipoyapuliza. Nikamwona mwanamke wa ajabu tu, nikaenda kucheza.

Ilinichukua miaka mingi, na miji kadhaa yenye wakubwa wa kugawa sifa na vyeti, kuelewa. Kambini kwetu hapakuwa na mkubwa wa kumwamuru mwenzake wala wa kumtunuku. Shangazi, mjenzi hodari kuliko wote, aliliacha paa lake zima, akapita kwenye mvua, akaja kulala chini ya langu.